Nilimnunia Siku Tisa, Gari Likatupatanisha

Mpenzi msomaji, kama uliwahi kumnunia mwenzako mpaka ukasahau ugomvi ulianzia wapi, haya yanakuhusu. Na kama una gari la kubonyeza kitufe, lile unalowasha huku rimoti imekaa tu kwenye pochi, basi yanakuhusu mara mbili.

Mimi na mume wangu tuna miaka minne ya ndoa, lakini tumeishi nyumba moja mwaka mmoja na miezi kidogo tu. Yeye ni mtumishi wa serikali, ofisi yake iko Dodoma. Mimi ni mhasibu, niko Morogoro mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa tangu mwaka 1973, ila watu walikuja kufungasha mizigo kweli kweli baada ya mwaka 2016. Tangu hapo ndoa kama yetu zimejaa kila mahali. Baba yuko Dodoma, mama yuko Dar au Moro, watoto wako kwa bibi. Wenyewe tunaziita ndoa za wikiendi.

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, tukasema Mungu ametusikia. Ijumaa mume wangu anatoka kazini, anapanda treni, usiku tunakula wote. Gari linakaa kwangu. Ni Toyota Rumion, used kutoka Japani kama magari mengi ya hapa Bongo, na tulilinunua kwa mkopo wa wote wawili. Lilikuja na rimoti mbili. Moja nikawa nayo mimi, nyingine akaondoka nayo Dodoma. Nikimuuliza anafanya nini na ufunguo wa gari ambalo halioni siku tano kwa wiki, ananijibu, "Ni langu pia." Haya bwana.

Pilau la watu

Ugomvi wenyewe ulianza na pilau. Ijumaa moja akaniandikia kwamba kazi zimembana na hata Jumamosi atakuwa ofisini. Nikamwelewa. Nikamwambia pole mume wangu, usisahau kula.

Jumamosi usiku niko kitandani naperuzi status za watu WhatsApp, mara nikakutana na ya mfanyakazi mwenzake. Send-off ukumbini, muziki juu, watu wamependeza. Kwenye kona, sahani ya pilau mkononi, anacheka mpaka jino la mwisho, nani? Mume wangu.

Hakukuwa na mwanamke pembeni yake, tusimsingizie. Lakini nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Mimi niko peke yangu na chai na mkate, mtu aliyebanwa na kazi yuko kwenye sherehe.

Na nikuambie ukweli, pilau lilikuwa kisingizio. Miezi minane kabla ya hapo tulipoteza ujauzito wa wiki kumi na moja. Ulikuwa wa kwanza. Alikuja, akakaa nami siku nne, akarudi kazini, na tangu siku hiyo hatukuwahi kulizungumza. Tuliongelea mkopo wa gari, kodi ya nyumba, bei ya gesi. Lile tukalizunguka kama watu wanaokwepa shimo la barabarani. Alipokosa kuja wikiendi ile na kunidanganya, moyo wangu ulishapata jibu tayari: huyu mtu amenichoka, hataki kuniona.

Basi nikanuna. Simu akipiga sipokei. Akiandika najibu kwa dole gumba. Akaanza kutuma ujumbe wa sauti, leo mmoja, kesho miwili. Sikufungua hata mmoja. Nilikuwa naviona vile vidoti vyake vimejipanga, naweka simu chini kwa raha kabisa, kama vile namwadhibu. Akaandika Ijumaa anakuja. Nikamjibu maneno mawili: "Usije. Sipo."

Safari ya kwenda kumshtaki

Na kweli sikuwepo. Jumamosi asubuhi niliwasha gari nikaenda Chanzuru, kwa mama mkwe, kumshtaki mwanawe.

Kwa asiyepajua, unatoka Morogoro kwa barabara ya Dodoma mpaka Dumila, unakata kushoto, unapita Msowero na Rudewa, halafu unafika Chanzuru kabla ya Ilonga na Kilosa mjini. Siku hizi ni lami. Ukiwa na hasira unafika hujui umefikaje.

Sasa niliseme kosa langu mapema. Kwa wiki kama tatu rimoti ilikuwa inanisumbua. Kubonyeza mara moja kulikuwa hakutoshi, mpaka mara mbili tatu, tena niwe nimesogea karibu na mlango. Kwenye dashibodi kitaa cha picha ya ufunguo kikawa kinapepesa. Mimi nikawa nasema nitabadilisha betri mwisho wa mwezi. Isitoshe, kila usiku nilikuwa naiweka rimoti kichwani mwa kitanda, imelaliana na simu inayochaji. Nimekuja kujua baadaye kwamba hiyo ni njia nzuri sana ya kuiua. Rimoti za aina hii muda wote zinasikiliza kama gari linaziita, na zikikaa karibu na simu, chaja, televisheni au kompyuta hazipumziki, betri inakwisha kabla ya wakati.

Mama mkwe alinipokea kama kawaida yake, kwa maji ya kunawa na maneno machache. Jioni tumekaa uani, nikammwagia yote: send-off, pilau, uongo. La ujauzito sikulitaja, lakini alikuwa analijua. Alisikiliza huku anapepeta mchele. Nilipomaliza akanyamaza kwa muda.

"Baba yake alikuwa askari wa wanyama kule Mikumi," akasema. "Kutoka huku si mbali, lakini njia ya enzi zile, mvua zikinyesha ni kama yuko Ulaya. Anakuja mwisho wa mwezi, pengine haji. Akiwa kule nilikuwa nagombana naye humu ndani peke yangu, namuuliza swali, namjibia mwenyewe. Akifika, nakuta nusu ya ugomvi nilimtungia mimi."

"Na nusu nyingine, mama?"

"Hiyo alikuwa anayo kweli." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

Ilikuwa Julai, usiku una baridi, na mchana watu walikuwa wanapukuchua mahindi, vumbi kila mahali. Mama ana pumu ya miaka mingi. Nilimuuliza kama dawa yake ya kuvuta ipo. Akasema ipo.

Saa nane na nusu usiku

Nilishtushwa na sauti kama ya filimbi kutoka chumba cha pili. Nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa na ile pampu ya dawa mkononi. Alishavuta na kuvuta, haikusaidia. Nilipomuuliza akajibu neno moja moja, kati ya neno na neno anatafuta pumzi.

"Dawa... haishiki... mwanangu."

Mtu wa pumu akishindwa kumaliza sentensi, hapo si pa kusubiri asubuhi. Nikamvika koti na kanga mbili, nikamwambia twende hospitali ya wilaya, Kilosa. Hazifiki kilomita ishirini. Nikashika pochi, nikatoka mbio kwenda kulifungua gari.

Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikasogea, nikabonyeza tena. Kimya. Nikaigusisha kwenye kioo, nikaipiga kiganjani, nikaipuliza kama tulivyokuwa tunapuliza kaseti zamani. Nikagusa kitasa. Mlango umekaza kama wa benki.

Kijana wa jirani, mwenye bodaboda, alitoka na tochi. Akanimulika, akamsikia mama ndani, akaelewa. Akasema ampakie kwenye pikipiki. Nikamwangalia mama, hawezi hata kukaa bila kujishikilia, na ile baridi ya usiku imkute kifuani njia nzima. Nikasema hapana, hiyo iwe ya mwisho kabisa.

"Basi shemeji, betri imekufa. Tuvunje kioo, tulisukume."

Hapo ndipo nilipochukua simu. Mtu mmoja tu alikuwa analijua lile gari kuliko mimi, na ndiye niliyekuwa sijaongea naye kwa siku tisa.

Iliita mara moja na nusu.

"Haloo? Kuna nini?"

"Mama kabanwa kifua. Nipo Chanzuru. Gari halifunguki."

Mpenzi msomaji, nilijiandaa kwa maneno. Leo ndo umenikumbuka? Chanzuru umeenda kufanya nini? Mimi ningeyasema. Yeye hakuyasema.

"Bonyeza rimoti, uangalie kile kitaa chekundu kidogo kwenye rimoti yenyewe. Kinawaka?"

"Hakiwaki."

"Basi iliyokufa ni betri ya rimoti. Gari ni zima. Msivunje kitu. Weka simu kwenye spika, nisikilize mimi."

Akanielekeza. Pembeni mwa rimoti kuna kibanzi kidogo cha kusukuma kwa kucha. Nikakisukuma, nikavuta, kikatoka kipande cha chuma. Ufunguo! Ufunguo kabisa, wa meno, kama wa kabati. Miaka miwili nimetembea na lile dude kwenye pochi, sikujua limebeba ufunguo tumboni.

"Kwenye mlango wa dereva, pale kwenye kitasa, kuna tundu. Fungua. Alamu itapiga kelele, usishtuke, haitakudhuru."

Nikafungua. Alamu ikalia kijiji kizima kikasikia. Milango ikaanza kufunguka huku na huku, watu wanatoka na tochi na marungu wakidhani ni mwizi. Kumbe ndiyo ilikuwa heri yetu. Akina mama wawili waliingia ndani moja kwa moja, wakamshika mama mkwe, wakamleta taratibu mpaka kiti cha nyuma.

Nikakaa kwenye usukani. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Halikuwaka. Machozi yakaanza.

"Haliwaki!"

"Najua. Halijui kama ni wewe. Usilie. Mguu kwenye breki, usiutoe. Shika rimoti, ule upande wenye nembo uelekee kwenye kitufe. Igusishe kabisa. Subiri mlio. Ukisikia tu, bonyeza kitufe kwa kidole."

Mara ya kwanza nilisikia mlio, nikabaki nimeduwaa mpaka nafasi ikapita. Mara ya pili nikagusisha, mlio, nikabonyeza. Injini ikanguruma. Alamu ikanyamaza papo hapo, na kwenye ule ukimya wa ghafla nikamsikia mume wangu Dodoma anashusha pumzi.

"Nenda," akasema. "Usikimbize, kuna ng'ombe na malori mabovu. Mengine baadaye. Na usilizime mpaka mfike."

Kumbe kuna chipu isiyotegemea betri

Niliyokueleza nilikuja kufafanuliwa vizuri baadaye, na ni vizuri uyajue, maana watu wanavunja vioo bure.

Ndani ya rimoti kuna vitu viwili. Cha kwanza ni redio ndogo inayoongea na gari kwa mbali, ile inayofungua milango ukiwa umesimama dukani. Hiyo inakula betri, na betri yake ni ile bapa ya duara kama sarafu. Ikiisha, redio imekwisha.

Cha pili ni chipu ndogo ambayo haina betri kabisa. Kwenye kitufe cha kuwashia kuna waya uliozungushwa, nao unatoa nguvu kidogo ya sumaku. Chipu ikisogezwa karibu mno na waya huo, inapata umeme kutoka hapo hapo, wa kutosha tu kutaja namba yake ya siri. Gari likiitambua namba, linakubali kuwaka. Isipotambulika, hata ukate nyaya haliwaki, na ndiyo sababu kinga hii ya wizi ilifanywa lazima kwa magari mapya katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1998.

Nguvu ya ule waya ni ya sentimita chache tu. Ukiwa na rimoti mfukoni haifiki. Lazima ugusishe.

Kwenye benchi, Kilosa

Tulipokelewa haraka. Mama akawekewa oksijeni, akafungwa ile barakoa inayotoa dawa kama mvuke. Baada ya muda nesi akatoka kuniambia kwamba kifua kinaanza kufunguka, nisubiri nje. Nikakaa kwenye benchi. Saa kumi na kitu alfajiri, kanga ya mama mabegani mwangu, mikono inanitetemeka sasa ndiyo hatari imepita.

Nikafungua simu kumpa taarifa mume wangu. Akajibu yuko stendi, amepata basi la alfajiri. Halafu macho yakaenda juu kidogo, kwenye zile sauti zilizojipanga. Zilikuwa kumi na moja. Nikaweka simu sikioni, nikaanza na ya kwanza.

Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea. Ya pili pia. Ya tatu alikuwa amekasirika, akaniita mtoto. Sawa. Ya tano ilikuwa ndefu, sauti imeshuka, kama mtu anayeongea amefunika uso na shuka.

Alisema kazi ofisini zilikuwepo kweli, ila angeweza kuja. Alisema kila Ijumaa akipanda treni anapanga maneno ya kuniambia kuhusu mtoto wetu. Ndivyo alivyosema, mtoto wetu, wakati mimi nilidhani kwake ulikuwa ujauzito tu. Anayapanga njia nzima, akifungua mlango na kuniona, yanapotea yote, anauliza bei ya gesi. Wiki ile alichoka kushindwa. Rafiki yake akamwambia twende kwenye sherehe, akaenda. "Nilicheka ile picha ilipopigwa," akasema, "halafu nikaenda kukaa nje."

Nililia pale kwenye benchi bila aibu. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri mgonjwa wake akanisogelea, akaniambia pole mwanangu, Mungu yupo. Alidhani nimefiwa. Na kwa namna fulani alikuwa sahihi, msiba nilikuwa nao, sema ulikuwa wa miezi minane nyuma.

Ya tisa, ya siku ya Jumatano, ilikuwa ya sekunde kumi na mbili tu:

"Najua husikilizi. Hata hivyo, niliona kitaa cha ufunguo nilipokuja mara ya mwisho. Betri mpya ya rimoti nimeiweka kwenye droo ya dashibodi, kwenye bahasha nyeupe. Badilisha kabla hujasafiri."

Nikainuka, nikaenda kwenye gari, nikafungua droo. Bahasha nyeupe ilikuwepo. Ilikuwa inasafiri nami muda wote, kutoka Morogoro mpaka Chanzuru, na usiku ule wakati nahangaika na kitufe ilikuwa nusu mita kutoka kwenye goti langu.

Sarafu ya shilingi mia

Alishuka Dumila, akapata gari dogo la Kilosa, akafika kabla ya saa saba mchana. Akaingia kwanza kwa mama yake. Mama alishaweza kuongea sentensi nzima, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Mkeo nje." Nilimsikia kupitia dirishani.

Tulikaa ndani ya gari, pale kwenye maegesho. Akachukua rimoti, akaipachua kwa sarafu ya shilingi mia, akatoa betri iliyokufa, akaweka mpya. Hata dakika tatu hazikufika. Kazi niliyoiahirisha wiki tatu.

Halafu hakuna aliyewasha gari. Nilimwambia nimezisikiliza zote. Akanyamaza. Nikadhani ndiyo atauliza bei ya gesi. Nikamshika mkono, nikauweka tumboni kwangu, pale palipokuwa na mtoto. Ndipo alipoanza kuongea, na mimi nikaongea. Tuliyosema ni ya kwetu. Ila nitakuambia hili: kwa simu tusingeyaweza, na kwa kununa ndiyo kabisa. Tulikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa kioo.

Kabla hatujarudi kwa mama, alifungua begi lake, akatoa ile rimoti ya pili, akaniwekea mkononi.

"Kaa nayo Moro. Mimi nikija nitakukuta."

Mama aliruhusiwa Jumanne. Aliporudi nyumbani, kijana wa bodaboda alikuwa anawahadithia watu jinsi shemeji alivyowasha gari kwa kulibusu na rimoti. Sikumsahihisha.

Ikikutokea wewe

Nimeulizwa sana ofisini, basi nimeyaandika kabisa. Yakate uyaweke kwenye pochi.

1. Tambua kilichokufa. Ukishaingia ndani, washa taa au piga honi. Vikifanya kazi vizuri, gari lina umeme, tatizo ni rimoti. Taa zikiwa hafifu au hakuna kabisa, hapo ni betri kubwa ya gari, na hiyo ni habari nyingine.

2. Tafuta ufunguo wa chuma. Rimoti nyingi za magari ya kubonyeza zina ufunguo uliofichwa ndani. Utafute leo mchana, usisubiri usiku. Tundu lake huwa kwenye mlango wa dereva, na kwenye baadhi ya magari limefunikwa na kifuniko cha plastiki.

3. Alamu ikilia usichanganyikiwe. Inanyamaza gari likishaitambua rimoti na kuwaka.

4. Gusisha rimoti. Kwenye Toyota nyingi, weka gia kwenye P, kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo kwenye kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza mara moja bila kuchelewa. Nissan za zamani kidogo zina tundu la kuchomeka rimoti nzima karibu na usukani. Magari mengine yana sehemu maalumu kwenye kiweko cha kati au ndani ya droo. Kitabu cha gari kinaeleza, na kama kimeandikwa Kijapani, muulize fundi umeme wa magari akuonyeshe mara moja.

5. Msilisukume. Gari la automatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mkiwa watu ishirini.

6. Likishawaka, usilizime ovyo. Ukilizima utaanza upya kugusisha. Nenda unakokwenda, kisha utafute betri.

7. Jua namba ya betri yako. Imeandikwa juu yake. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2. CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene huo huo. Zote ni volti 3, lakini haziingiliani. Kwa kawaida inadumu mwaka mmoja hadi miwili. Nunua ya akiba, na iliyokufa usiitupe ovyo. Mtoto akiimeza, mkimbize hospitali hapo hapo, maana inaunguza koo ndani ya muda mfupi.

8. Rimoti isilale na simu. Iweke mbali na chaja, televisheni na kompyuta. Na ile ya pili ikae mahali ambapo gari linalala.

Mpaka leo ndoa yetu bado ni ya wikiendi, uhamisho wangu haujatoka. Bado tunagombana. Juzi tu tumegombana kwa sababu alinyoa ndevu bila kuniambia. Ila tuna sheria moja tuliyoiweka pale kwenye maegesho ya Kilosa: nuna unavyotaka, lakini ujumbe wa sauti unasikilizwa siku hiyo hiyo. Na likiwa jambo zito, halisemwi kwa simu. Mmoja anapanda treni.